Sufuria Zinazofuata Jeshi

Tangu nirudi sijamaliza kikombe cha chai kibarazani kwangu kabla mtu hajaja kuuliza. Wanaume wa kombania wanauliza habari za risasi. Wanawake wa kambini wanauliza habari za vitenge. Jirani yangu Mama Shaibu anauliza kama ni kweli Wakongo wanapiga pasi hata soksi. Nimechoka kusimulia vipande vipande, kwa hiyo naandika yote mara moja. Msomeane, halafu mniache ninywe chai.

Kwa wasionijua, mimi ni koplo, dereva, mzaliwa wa Ujiji. Ninaishi kambini Tabora na mume wangu, Baba Zawadi, ambaye naye ni mwanajeshi. Nilipelekwa Kongo na kikosi cha kulinda amani, nikakaa mwaka na ushee. Nilipoondoka, binti yetu Zawadi alikuwa anasimama dede kwa kushika mguu wa kiti. Nilimwacha mikononi mwa mama yangu, aliyehama Ujiji kuja kumlea. Watu walinionya juu ya waasi na malaria. Mimi nilichoogopa kilikuwa kimoja tu, kurudi na kukuta mtoto wangu ananitazama kama mgeni.

Tabora hadi Kalemie, kwa kuzunguka

Ukiitazama ramani utacheka. Kigoma iko upande huu wa ziwa, Kalemie upande ule, na wafanyabiashara wa mawese wanavuka na boti zao kama wanakwenda sokoni. Lakini jeshi haliendi Kongo juu ya madumu ya mawese. Sisi tulipanda basi hadi Dar es Salaam, yaani tukaipa Kongo kisogo kabisa, tukakaa juu ya mabegi yetu, tukapanda ndege hadi mji mmoja wa Kongo wenye mvua na baridi. Huko tukaambiwa ndege ya Kalemie ni mbovu, tusubiri.

Kusubiri ndiyo kazi ya kwanza ya mwanajeshi, nyumbani na ng'ambo. Tofauti iko kwenye chakula. Nyumbani unasubiri ukila maharage ya mesi huku unamlaumu mpishi kwa jina lake. Kule tulipewa vifurushi vyenye maandishi ya lugha tusizozijua. Koplo mwenzangu, Hamisi, alikuta kidonge kikubwa cheupe, akakitia mdomoni kwa adabu zote, akakitema haraka. Kumbe kilikuwa cha kuwashia jiko. Siku nzima tulimkataza kukaa karibu na moto.

Uwanjani hapo alikuwapo mpakia mizigo mmoja, mzee mwenye kofia ya sufi. Alinitazama buti, akanitazama uso.

"Mama, weye njo soda?" akauliza, akiionyesha bunduki yangu. Soda kwao ni askari.

"Ndiyo, baba. Mimi ni askari."

"Na bwana yako, nani anamupikiaka?"

"Anajipikia."

Akautua mzigo chini, akawaita wenzake. "Kuyeni musikie." Nikalazimika kurudia. Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega, lakini yeye hakucheka muda mrefu. "Basi, ule ni bwana muzuri," akasema. "Umuchunge." Nikaichukua kama baraka, maana sikuwa na nyingine.

Kalemie, jua linapotokea nyumbani

Mtoto wa Ujiji anajua kwamba jua linazama ziwani. Ndivyo nilivyokua, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu wanaona kinyume. Asubuhi yangu ya kwanza Kalemie nilitoka na mswaki mdomoni nikakuta jua linachomoza majini, upande wa kwetu. Nilisimama pale na povu la dawa ya meno kidevuni, nikamkumbuka mama yangu na mwanangu, na machozi yakanitoka waziwazi. Mlinzi wa zamu akadhani ninaumwa jino.

Mji wenyewe niliupenda upesi. Una reli ya zamani, bandari, na watu waliotoka pande zote kufanya kazi hapo wakabaki. Wanakusalimia kwa Papa na Mama hata kama wewe ni mdogo kwao. Nilikuwa Mama Kaporale tangu juma la kwanza. Wanawake wa pwani ya ziwa waliuza mikebuka ile ile tunayoiita migebuka Kigoma, na walipojua ninatoka ng'ambo ya maji yao waliniongezea samaki mmoja "ya kusalimia shemeji". Bukari, yaani ugali wao, ni ya muhogo, inavutika. Hamisi aliiogopa, mimi niliimaliza.

Maisha ya kambini ndiyo mnayouliza zaidi, basi sikilizeni. Hapa nyumbani jeshi lina saa zake. Ukimaliza zamu unavua buti mlangoni, jirani anakuletea mboga, mtoto anakukojolea gwanda, na wewe ni mama mpaka asubuhi. Kule huvui jeshi. Unalala nalo ndani ya kontena, nyuma ya seng'enge, na wale wale uliokula nao ndio utakaowasikia wakikoroma. Sitawasema vibaya. Baba yake Hamisi alipofariki Singida na njia ya kumpeleka ikakosekana, kikosi kizima kilikaa naye matanga siku tatu palepale, wanaume wakipika, wanawake wakiimba, na Luteni wetu Massawe akiosha masufuria. Sijaona undugu mkubwa kuliko ule.

Lakini mtoto hawezi kukaa kwenye kontena. Mtandao ulipatikana ukisimama karibu na tangi la maji, na hapo ndipo nilipokuwa mama kwa dakika chache. Mwanzoni Zawadi alitaka kuilamba simu. Baadaye akazoea. Siku moja mama yangu, akitaka kunifurahisha, alimwuliza mbele yangu: "Zawadi, mama yuko wapi?" Mtoto akaigusa simu kwa kidole. Wote kule walicheka na kumsifu. Nami nilicheka, nikaaga, nikakaa chini ya lile tangi mpaka suruali ikalowa.

Barabara ya Bendera

Bendera ni mahali penye mtambo wa umeme, kaskazini mwa Kalemie. Kwa ramani ni mwendo wa asubuhi. Kwa masika ni safari ya imani. Tulitoka magari matatu ya doria, mimi nikiendesha la mbele pamoja na Luteni Massawe, kijana wa Moshi, msomi, mwenye moyo mwepesi kuona shida za watu. Tulisubiri daraja la magogo litengenezwe. Tukasubiri ng'ombe. Tukasubiri lori lililolala njiani kwa ubavu, ambalo mwenyewe alikuwa anakaanga mihogo pembeni, akatukaribisha tule kana kwamba tumefika kwake.

Baada ya hapo ndipo tulipowaona. Wanawake, mstari mrefu, wana sufuria vichwani, magodoro, majiko ya mkaa, kuku wamefungwa miguu, watoto mgongoni na watoto mkononi. Luteni akashika redio hata kabla sijasimamisha gari. Akataarifu Kalemie kwamba kundi la wakimbizi linatembea kuelekea Bendera, hali yao si nzuri, msaada uandaliwe. Kisha akashuka, akatuamuru tutoe maji na biskuti.

"Poleni sana, akina mama," akasema. "Mnakimbia kutoka wapi?"

Mwanamke wa mbele, mrefu, mwenye sufuria kubwa iliyoungua chini, aligeuka kutazama nyuma yake, kana kwamba anamtafuta huyo anayekimbia.

"Nani anakimbia, Papa?"

"Ninyi."

"Siye hatukimbie. Babwana zetu banabapeleka ku Bendera jana na kamyo. Siye nafasi haikukuwa. Tunabafwata." Kamyo kwao ni lori.

"Mnawafuata kwenda kufanya nini?"

"Kupika," akajibu, kwa upole wa mtu anayemjibu mtoto.

Walikuwa wake za askari wa jeshi la Kongo. Kikosi kimehamishwa, na kikosi kikihamishwa, nyumba nayo inahama, na nyumba ndiyo hao. Luteni alisimama na pakiti ya biskuti mkononi. Akarudi kwenye redio taratibu. Huko Kalemie walishaanza kuzungumza juu ya kupeleka mahema Katanika, kwenye makazi ya waliokimbia makwao.

"Sahihisho," akasema Luteni. "Si wakimbizi. Ni familia za askari."

"Rudia," redio ikasema.

Akarudia.

"Wote hao?"

"Wote hao," akasema, akaizima. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye usukani, mabega yananitikisika kwa kicheko, namshukuru Mungu kwamba sina cheo cha kuongea redioni.

Upande wa pili askari wetu walikuwa wanawabembeleza watoto na biskuti, "njoo, njoo, usiogope," na kila walipobembeleza, watoto walizidi kujificha nyuma ya vitenge vya mama zao. Yule mwanamke mrefu akawaambia: "Achana nabo. Bikeni ile biskwi chini, muendelee na kazi yenu." Askari wetu waliziweka juu ya boneti, wakageuka kukagua matairi. Hazikupita dakika mbili biskuti zikawa zimekwisha.

Kanuni zetu hazikuturuhusu kuwapakia. Luteni aliwaambia hivyo kwa aibu, nao wakasema si kitu, wakaendelea. Sisi tukaondoka kwa fahari ya injini, tukawapita, na kwenye kona ya tatu gari langu likazama kwenye tope hadi kwenye ekseli. Mimi ndiye dereva, siwezi kumsingizia mtu. Tulisukuma, tukachimba, tukasukumana wenyewe kwa wenyewe. Tulipokuwa tumefanana wote kwa rangi, wale wanawake wakatufikia. Wakatua sufuria zao kwa mstari, vizuri kama za ukaguzi, wakaingia topeni pamoja nasi. Gari lilitoka kwa nyimbo zao, lakini springi ya mbele ikawa imekatika. Wakanawa miguu, wakajitwika, wakatuaga.

Ndiyo, walifika Bendera kwa miguu kabla yetu.

Bendera

Tulikokotwa hadi huko kesho yake, tukaambiwa springi itatoka Kalemie. Tulikaa siku kadhaa jirani na kambi ya hao askari, na huko ndiko nilikoyaona niliyotaka kuwaambia.

Kambi iliyokuwa uwanja wa nyasi juzi yake ilikuwa sasa mtaa. Kila familia ina mafiga matatu, kamba ya nguo, kibanda cha maturubai na matawi. Yule mwanamke mrefu aliitwa Mama Feza, kwa jina la binti yake wa mgongoni. Mumewe alikuwa ajuda, yaani afisa mteule, mtu mwembamba mwenye heshima, aliyenipigia saluti ingawa cheo chake ni kikubwa kuliko changu. Nilipokataa akasema saluti ile ni ya mugeni wa bibi yake, si ya jeshi.

Jeshi lao halina nusu ya vitu tulivyo navyo. Askari wao hana kontena wala feni, na gwanda lake limefuliwa mpaka linaonyesha. Lakini jioni linapigwa pasi ya mkaa na mtu anayemgombeza huku akimnyooshea kola, na asubuhi anasimama kwenye mstari kama bwana harusi. Niliwatazama wanawake wale wakienda kutafuta maji mahali wasipopajua, wakirudi na maji pamoja na majina ya wenyeji wote wa njiani. Niliwaheshimu kuliko makanali niliowahi kuwaendesha. Na niliwaonea wivu, nasema kweli, kila nilipoona mtoto amelala juu ya mgongo wa mama yake.

Mama Feza alinipa maswali kwanza, bukari baadaye.

"Mutoto wako iko wapi?"

"Tabora, na mama yangu."

"Wa miaka gani?"

Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya simu. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, wakati Hamisi mwenyewe sikumwambia. Alikuwa anatwanga sombe, ndiyo kisamvu chetu, na hakuacha kutwanga.

"Miye na ule wa kwanza nilimuachaka," akasema. "Ku Kabalo, na mama yangu. Babwana balikuwa bakipelekwa mbali, nikasema mutoto atateseka. Siku nilirudiaka, akaniita tanti." Yaani shangazi.

"Ulifanyaje?"

"Nililia pa siri. Nikamupatia bonbon, nikamupatia nguo, nikamuita kila siku, kuya, kuya. Akanikimbia sawa hii batoto banakimbiaka biskwi yenu." Akacheka kidogo. "Mama yangu njo aliniambia: muntu mwenye kubembeleza mutoto ni mugeni. Mama haombake mutoto. Mama anafanyaka kazi yake, mutoto anakuya kuharibu ile kazi."

"Akaja?"

"Nilikamata mutwango, nikaanza kutwanga mihogo. Siku ya kwanza, hapana. Ya pili, akakuya kutupa muchanga mu kinu." Akanionyesha kijana mrefu aliyekuwa anapasua kuni pale ng'ambo ya moto. "Njo ule. Tangu pale sijaachaka mutoto ata moya. Nilichoka kuogopa, basi ninabeba."

Sitaki mfikiri maisha yale ni sherehe. Watoto wake wamebadilisha shule kila kambi, na mmoja anajua kusoma lakini hajui amefika darasa la ngapi. Nilipomwambia kwamba kwetu kambini kuna shule na zahanati, na familia inabaki mahali pamoja, akasema: "Ile ni muzuri sana. Muchunge ile kintu." Kisha akaniuliza nani basi anamgombeza bwana akiwa ng'ambo. Huko ng'ambo sisi tunagombezwa na kanuni.

Mafiga

Muda wangu ulipokaribia kwisha nilipata safari nyingine ya Bendera. Nilimnunulia Mama Feza sufuria mpya yenye mfuniko, nikaifunga kwa kamba nyuma ya kiti isipate mkwaruzo. Tulipofika kambi ilikuwa imeondoka. Zilibaki nyasi zilizolala na mafiga, matatu matatu, mpaka mwisho wa uwanja. Mtu wa mtamboni alituambia wamepelekwa upande wa Nyunzu, wanaume kwa lori, wanawake baadaye. Iliniuma sana. Sufuria nikaiacha kwa mke wa huyo mtu, nikamwambia akipita mwanamke mrefu mwenye binti Feza, ampe. Kwa watu wale, kupita ni jambo la kawaida.

Kalemie hadi Tabora

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile ya kuzunguka, ila hakuna aliyekula kidonge. Kwenye begi nilikuwa na mwanasesere mwenye nywele ndefu, biskuti, na gauni la kitenge cha Kalemie. Njia nzima nilijipanga jinsi nitakavyovitoa, kimoja baada ya kingine.

Baba Zawadi naye alikuwa amejipanga. Mnamjua. Mnajua pia kwamba mwanajeshi akipenda kitu anakifanyia paredi. Nilikuta kiwanja kimefagiliwa kwa mistari, mawe ya bustani yamepakwa chokaa, ninyi majirani mmesimama safu mbili, na mbele yenu Zawadi, nywele zimesukwa, gauni limepigwa pasi likasimama lenyewe. Alikuwa amefundishwa mwezi mzima kunipigia saluti.

"Zawadi," akasema baba yake, "mama huyo. Saluti!"

Mtoto akanitazama. Akatazama buti, akatazama begi. Akakimbilia nyuma ya mama yangu, akaficha uso kwenye khanga yake, akalia. Mkono mmoja ukachomoza, kidole kikaonyesha dirishani, ndani, kwenye rafu ambako simu ilikuwa inachajiwa.

"Jana alikuwa anaweza," Baba Zawadi akasema, na sauti yake ikakatika. Nilimhurumia yeye kabla ya kujihurumia mimi.

Ninyi mkaanza: njoo, njoo mtoto mzuri, mama kakuletea zawadi. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye zipu ya begi. Ndipo nilipoiona boneti ya gari langu, biskuti juu yake, na watoto wale nyuma ya vitenge.

Nikaiacha zipu. Nikavua buti, nikazunguka nyuma ya nyumba, ambako mama alikuwa ameacha majani ya kisamvu kandokando ya kinu, nikaanza kutwanga. Mliokasirika kwamba sikuwasalimu, hii ndiyo sababu, na naomba radhi. Mama alinifuata akasema, "Hata maji hujanywa, mwanangu." Nikamwambia nina kazi.

Nilitwanga bila kugeuka. Nilisikia ninyi mkiondoka mmoja mmoja, mkinong'ona. Nilisikia baba yake akianza kusema kitu na mama akimzuia. Halafu nikasikia miguu midogo, ikasimama mbali. Nikaendelea. Jani moja liliruka kutoka kinuni likaanguka chini. Mkono ukaliokota, ukalirudisha kinuni pamoja na mchanga wake. Likaruka jingine, nadhani hilo nililirusha mimi. Likarudishwa. Baadaye kitu chenye joto kikaegemea mgongo wangu, kikatulia hapo, kikipanda na kushuka pamoja nami kila nilipoinua mchi.

Mama yangu, asiyejua kuacha jambo lilivyo, akauliza kutoka mlangoni: "Zawadi, mama yuko wapi?"

Nilisimamisha mchi. Dirisha lilikuwa wazi na simu ilikuwa palepale kwenye rafu.

Mtoto akanipiga kofi mgongoni, kwa mkono uliojaa kisamvu.

Nilitwanga na kulia, nikatwanga na kulia, mpaka mama akaja kuninyang'anya mchi, akasema mboga imeshakuwa uji.